Trekta la Bibi Lililokwenda Muyinga

Juzi nilipita Magarama, mtaa wetu wa zamani kule Gitega, rafiki yangu, nikakuta kijana anasukuma trekta dogo la bustani, jipya kabisa, linanguruma kana kwamba lilinunuliwa ili kuniudhi. Watu walinisalimu, nikaongeza mwendo. Mimi nina ugomvi wa zamani na injini mpya. Nitakusimulia, uamue mwenyewe kama nina haki.

Wakati wa vita tuliishi hapo hapo Magarama, nyumba moja na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na trekta dogo la aina hiyo, la kushikwa kwa mikono miwili, ambalo marehemu babu aliachiwa na bosi wake Mbelgiji alipofungasha kurudi kwao. Ndilo lililolima bustani zetu za bondeni: kabichi, mchicha tunaouita lengalenga, bilinganya. Alfajiri bibi alikoroga uji wa mtama, na baba, aliyekuwa fundi, alisafisha injini kwa petroli, wote katika ua mmoja. Hadi leo petroli ikinifika puani nasikia njaa.

Mwaka mmoja injini ikafa, mvua za kupanda zikiwa karibu. Baba akasema ataifungua yote na kuijenga upya. Baba mdogo, aliyefanya biashara Muyinga, akaja na shauri lake. Alikuwa na mashavu ya mtu anayelala vizuri wakati wenzake hawalali, na sikumpenda hata kabla hajafungua mdomo.

"Mukubwa, injini ya kufungua-fungua ni maiti unaivika kanzu," akamwambia baba. "Miye iko na mupya, imetoka Tanzania. Lakini ikiingia yangu, trakteri inakuja Muyinga, na mama yetu anakuja nayo. Huku mutamulisha nini?"

Baba alimjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bibi alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Mvua ikinyesha," akasema, "miye nitafuata ile injini inayolima." Nilitaka kulia. Nililala na bibi kitanda kimoja tangu nizaliwe.

Basi baba akaanza. Mimi niliosha boliti kwenye sufuria kuukuu. Yeye alisugua valvu, akachukua pete za pistoni za pampu ya maji na kuzipunguza kwa tupa mpaka zikakubali. Injini ikawaka! Bibi akapiga vigelegele. Lakini injini iliyojengwa upya hailimi siku hiyo hiyo. Lazima iachwe ingurume polepole, bila mzigo, saa nyingi, hadi chuma kizoeane na chuma. Mafundi wetu huita rodaji. Mtoto hafundishwi kutembea akiwa na mtungi kichwani, baba alisema.

Na hapo ndipo vita vilipotuingilia. Mtaa mzima uliishi kwa masikio. Watu waliisikiliza milima wajue risasi zinalia upande gani, ili wakimbilie upande mwingine. Injini ikinguruma, hakuna aliyesikia kitu. Jirani yetu, muuza vitenge kutoka Uvira, alikuja kugonga lango letu kwa mwiko wa ugali.

"Weye fundi, zima ile mashini! Bakianza kupiga, tutasikia na nini? Unataka tukufe juu ya makabichi yenu?"

Baba alizima. Alipowasha tena, mawe yalianguka juu ya bati. Kushuka bondeni kuiwashia huko, wanajeshi walikataza. Nyumba zote zile, na hakuna hata moja iliyomvumilia.

Mvua ikanyesha. Kesho yake baba mdogo akafika na lori, injini yake ndani ya kasha, na siku hiyo njia ya bondeni ilikuwa wazi. Baba hakusubiri rodaji iishe. Alishusha trekta bondeni, akalizamisha jembe kwenye udongo mzito. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wa pili, chuma kikala chuma, injini ikakwama. Baba alibaki ameshika trekta, haliachi. Na baba mdogo akacheka. Alicheka kweli, mbele ya mama yake mzazi.

Bibi alikunja mkeka wake, akanishika shavu. "Sifuati injini, mwanangu, nafuata chakula." Trekta likapakiwa, naye akapanda lori.

Vita vilipopoa nilikwenda Muyinga nikiwa nimejaa matusi. Niliomba Mungu niikute injini ile imeoza kwa kutu. Nilimkuta bibi amenenepa, bustani imejaa, trekta linalima bila hata kukohoa. Miaka ile ile sisi Gitega tulikuwa tunagawana kiazi.

Sasa bibi amezikwa Muyinga, baba Gitega, na hawakuwahi kuonana tena. Ua wetu umejengwa maduka. Baba mdogo yu hai, mzee, hutuma salamu na kuomba tuyaache ya kale. Siyaachi. Angekuwa amekosea, ningemsamehe zamani.