Jini Aliyekula Vichwa vya Vibua

Kila nikichoma ubani nyumbani kwangu, pua yangu hungojea shombo la samaki lije nyuma yake. Msinicheke. Katika nyumba yetu ya Azaiba, mjini Muscat, harufu hizo mbili zilikwenda pamoja msimu mzima wa baridi, na aliyeziunganisha alikuwa Bibi, mama yake baba.

Bibi alikuja Muscat kutoka Unguja akiwa mjane kijana na watoto wanne. Mimi nilimkuta keshakuwa mtu mzima, ana nyumba ya mwanawe na ua wa nyuma aliofugia kuku, ingawa duka la kuku lilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Kuku wa friji, alisema, ni kutafuna pamba. Basi msimu ule kuku wake wakaanza kupotea. Tulikuta manyoya chini ya ukuta, na alfajiri tukisikia ukelele mkali kutoka kwenye wadi, korongo kavu la maji ya mvua lililo nyuma ya nyumba, kama mwanamke anayeita mtu aliye mbali.

"Hiyo si sauti ya mnyama," Bibi alitamka. "Hilo jini, na lina njaa."

Huko kwao hakuna mnyama wa sauti ile, na jini mwenye njaa dawa yake anaijua. Akatoa chetezo, akafukiza ubani pembeni ya ukuta, akaweka mayai mabichi kwenye kisahani chenye maua ya buluu, akakipitisha kwenye tundu la ukuta. Asubuhi kisahani kilikuwa kitupu. Bibi alifurahi sana, maana jini aliyekubali chakula chako hakudhuru.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na ubishi mwingi. Baada ya sala ya alfajiri nikapanda juu ya nyumba, nikajibanza nyuma ya tangi la maji, nikamwona jini wa Bibi. Alikuwa na mkia. Alikuwa mbweha jike, mwembamba, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko uso wake. Alilichukua yai kinywani taratibu bila kulivunja, akaingia nalo kwenye bomba pana la saruji linalopitisha maji ya mvua chini ya njia. Mara vichwa vidogo vikachungulia, vikivutana masikio.

Tangu hapo sikukosa hata alfajiri moja. Nilimwona akisimama kimya katikati ya wadi, kichwa upande, akisikiliza kitu chini ya majani makavu. Kisha aliruka juu kwa miguu yote minne na kutua na panya mdomoni. Nilimwona akiokota tende kavu zilizosalia chini ya mitende ya barabarani, na akiramba mpira wa kumwagilia uliotoboka, huku magari ya watu waendao kazini yakipita karibu naye bila mtu kumwona. Mji mzima ulikuwa umelala juu ya chakula chake, naye alikijua kilipo. Nilimpenda, na sikumwambia mtu, si kuhusu yeye wala wanawe.

Ijumaa moja, tumetoka kula, Baba akasema kesho mafundi watakuja kuliziba lile bomba kwa saruji, kwa kuwa kuna mdudu humo anayemaliza kuku. Moyoni niliwaona wale wadogo gizani, na mama yao nje anaparura ukuta. Bibi alikuwa akimimina kahawa. Hakuinua macho.

"Nnakwambia mapema, mwanangu. Huyo jini ana watoto. Ukimzibia mlango wake atatafuta mwengine, na wa karibu ni wa chumbani kwako."

"Astaghfirullah, Mama. Mambo haya si tuliyaacha Unguja?"

"Uliyaacha wewe. Mie nimekuja nayo."

Baba alikuwa mtu wa ofisini. Mchana hakuyaamini mambo hayo. Jua likizama aliyaamini kidogo. Alimtazama Bibi kwa muda mrefu, kisha akapiga simu akawaambia mafundi waje siku nyengine. Siku hiyo haikufika. Kisahani kikaanza kutoka na vichwa vya vibua na shingo za kuku, na ubani ukafukizwa juu yake kama kawaida. Kuku wakaacha kupotea. Joto lilipoanza, wale wadogo walikuwa wamekua na bomba likawa tupu. Bibi akakiosha kisahani, akakirudisha kabatini.

"Khalas," alisema, "kahama."

Mimi nilijiona mjanja, peke yangu najua siri. Miaka ikapita, Bibi akatangulia mbele ya haki, nami nikazaa. Siku moja nasafisha samaki, kisu kikanisimama mkononi: jini gani anakula vichwa vya vibua? Na nani alimwambia Bibi kwamba ana watoto?

Nikamwuliza Baba kama Bibi alijua kuwa ni mbweha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Alijua, nami nilijua tangu Ijumaa ile."

"Mbona hukuziba?"

Akaniambia walipofika mji huu walikaa kwenye stoo ya mtu, na siku moja mwenye stoo akaja na kufuli awatoe. Bibi alisimama mlangoni, watoto wanne nyuma yake, akazungumza na yule bwana taratibu, bila kumtazama, mpaka akaondoka na kufuli lake.

"Sikumbuki alimwambia nini," Baba alisema. "Naikumbuka sauti. Ijumaa ile, akimimina kahawa, niliisikia tena. Ningezibaje?"

Nililia siku ile, naye aliniacha nilie. Kwa miaka yote nilidhani Bibi alimwogopa yule wa kwenye bomba.

Juzi nimemwona mbweha nyuma ya nyumba yangu, tumbo limeshuka kwa mimba. Nimetoa chetezo, na vichwa vya samaki kwenye kisahani. Mwanangu akaniuliza vile vichwa nampelekea nani, na baba yake alikuwa anasikiliza.

"Jini," nikamwambia. "Ana watoto."