Kivuli Chenye Ndoo

Katika picha ile ya droni kuna mtu mmoja na vivuli viwili. Mtu ni mimi. Kivuli cha pili kina ndoo kichwani, na pale ambapo mwenye kivuli angesimama pana mawe makavu tu. Usiponiamini sikulaumu, lakini picha ninayo.

Tulikuwa tunarusha droni kando ya ziwa, kutoka Musoma kuelekea Bunda. Tulichora ramani ya kuonyesha, meli ya mafuta ikipasuka, ni wapi paokolewe kwanza. Mafunjo wanakozaliana sato tulipaka nyekundu. Mawe matupu tulipaka kijani. Huko ndiko mafuta yangesukumiwa yakusanywe. Tuliagizwa kushuka na kuuliza wenyeji kabla ya kupaka rangi. Ghuba moja ndogo ya mawe niliipaka kijani nikiwa nimekaa kwenye gari, kwa kuangalia skrini tu.

Kesho yake, jua likichomoza, nilishuka pale kumalizia picha. Mwenzangu Wambura alibaki garini na skrini. Mara nikaona mama amesimama kando yangu, kanga imelowa, ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo dude lenu mnapigiaga picha za nini?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha kwa kidole mafuta yatakakopelekwa.

"Hapa? Na waliolala hapa mmewauliza?"

Ndipo nikaangalia chini. Mawe yalikuwa yamepangwa, kila fungu urefu wa mtu.

"Ziwa likiturudisha, tukakosa wa kututambua, wanatulazaga hapa."

Nikasema lililonijia mdomoni: "Nikutue ndoo, mama?"

"Uitue wapi? Pangu umeshapatoa. Utapabadilisha?"

"Nitapabadilisha."

Simu ikaita. Wambura alikuwa anacheka. "Kaka, unahutubia konokono? Mbona unaongea peke yako?"

Nilipogeuka, hapakuwa na mtu.

Kubadilisha rangi kulitaka jina la mwenyeji aliyenieleza. Ningemtaja nani? Ningeweza kwenda kijijini, wenyeji wangenieleza habari za makaburi yale, na siku hiyo sikuwa na kazi nyingine. Nilishinda nyumbani Mwisenge, mjini Musoma, nikifua nguo. Jioni ramani ikapelekwa, na mimi ndiye niliyeituma.

Wewe unayechora makazi ya watu kutoka angani, nakusihi, shuka kwanza ukanyage. Na usimwahidi mtu jambo kwa sababu tu unaogopa kumtazama usoni.

Juzi nilirusha droni Butiama, kwenye shamba la mihogo, mbali kabisa na maji. Nilisimama peke yangu. Mwenye shamba alikuwa ndani anakunywa chai. Nilipofungua picha, kando ya kivuli changu kilikuwepo kile kingine. Ghuba ile bado ni ya kijani kwenye ramani, na yule mama hajatua ndoo.