Nukta Chini ya Jani la Kumi na Nne

Anselme Gaucheron alitengeneza mashine za kufuma soksi pale Troyes kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna soksi hata moja aliyoipenda. Alichokipenda kilikaa kwenye droo, upande wake wa kitanda: ubao uliovikwa kitambaa cha kijani, umechongwa mashimo kumi na mawili ya duara, na kila shimo ni la kulaza testoni moja ya mfalme Fransisi wa Kwanza.

Testoni ni sarafu ya fedha ya enzi za nyundo. Mtu alikitia kipande cha fedha kati ya mihuri miwili, akavuta pumzi, akatwanga. Ndiyo maana hazifanani hata kidogo. Hii imepinda, ile mfalme kakatwa kisogo, nyingine nyundo iliruka ikashuka mara ya pili, mfalme akaota pua mbili. Na pua ya mfalme yule, kwa wanaomjua, moja tu iliwatosha watu wawili.

Mashimo kumi na mawili, testoni kumi na moja. Hapo ndipo penye kidonda.

Zamani hizo kila mji uliopiga sarafu ulijificha nyuma ya nukta ndogo chini ya herufi mojawapo ya maandishi ya pembeni. Unaanzia juu, penye msalaba mdogo, unahesabu kama saa inavyokwenda. Nukta chini ya herufi ya kumi na mbili, hiyo ya Lyon. Ya kumi na tano, Rouen. Ya kumi na nne ni Troyes, hapa hapa. Na shimo lililokuwa tupu kwa Anselme ni hilo hilo la Troyes. Alikuwa kama mtu aliyealika ukoo mzima harusini akamsahau mama yake mzazi.

Testoni ya Troyes ilikuwepo mjini, tena aliijua kama anavyojua sauti ya mkewe. Ilikuwa mali ya chama chao cha wakusanya sarafu, na jina lake lilikuwa Pua. Mwaka wa kwanza wa chama, walipokaa kula keki ya Sikukuu ya Wafalme, mwanzilishi alikosa kile kisanamu cha kauri kinachofichwa ndani ya keki. Akaichomeka testoni. Wataalamu wa Paris wangesikia wangepepewa. Lakini jambo likageuka mila, na mila ikaandikiwa sheria: atakayeikuta Pua kwenye kipande chake anavaa taji la karatasi na kukaa nayo kwake mwaka mzima, kisha anairudisha iokwe tena. Pua ilikuwa imeshaokwa mara kumi na tisa, imekuwa nyeusi kama chungu, na mara kumi na tisa zote ilimpita Anselme.

Ilimpenda zaidi Fulgence Marcoux, daktari wa meno mstaafu. Fulgence alishakuwa mfalme mara nne, na hakujua kunyamaza.

"Anselme, Pua anakusalimu," alikuwa akisema wakikutana sokoni. "Anasema kwangu kuna joto, hataki kuhama."

"Mwambie asizoee," Anselme alikuwa akijibu, kisha anakwenda nyumbani kulitazama shimo.

Sasa mwaka huu zamu ya kuandaa keki ilimwangukia Anselme, akakabidhiwa Pua. Jumapili asubuhi Odile, mkewe, alikuwa jikoni ameshatandaza unga wa siagi, ameshapaka lozi zilizosagwa, amebakiza kufunika tu. Anselme akaingia na Pua kiganjani.

"Mke wangu, hebu nenda kaangalie kama posta wameleta kitu."

"Leo Jumapili."

"Dunia imebadilika."

Odile akamtazama, akafuta mikono, akaenda kusimama mlangoni. Mwanamke aliyeishi miaka arobaini na mtu wa nukta hahitaji kuambiwa. Alihesabu mpaka mia, akarudi. Keki ilikuwa imefunikwa, na Anselme alikuwa na uso wa paka aliyetoka kwenye maziwa. Juu ya unga alikuwa amechora majani kwa ncha ya kisu, ishirini kuzunguka duara, kama waokaji wanavyofanya. Mahali majani yalipoanzia aliweka kimsalaba kidogo. Na chini ya jani moja tu, akatoboa kwa sindano.

Jani la ngapi? Usiulize! Angeweza kuweka chini ya la tatu. Angeweza kuweka chini ya la saba, akalala usingizi. Lakini muulize ng'ombe kwa nini anakula majani. Mkono wa mkusanya sarafu, ukiwa na Pua chini yake, ulikwenda wenyewe mpaka la kumi na nne.

Kutoboa peke yake hakutoshi, maana kipande huwezi kujichagulia. Desturi ni kwamba mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza, mwenye nyumba anagusa kipande, anauliza "Hiki cha nani?" na yule asiyeona kitu anataja jina. Kwa watu wengine huyo huwa mtoto. Kwenye chama hiki mdogo wao alikuwa Bastien Thévenot, dereva wa treni mstaafu, umri miaka sitini na minne, magoti yakilia kama bawaba za kanisa. Anselme alikwisha kumwendea Jumamosi na soseji mbili nene za matumbo.

"Nikikohoa, unanitaja mimi."

"Wewe kohoa tu, bwana," akasema Bastien, akizinusa soseji.

Saa tisa alasiri wakafika. Fulgence na viatu vyake vinavyong'aa. Mwenyekiti, bibi Hermance Lepoivre, miaka themanini na miwili, mwenye jicho linaloona sarafu bandia kutoka ng'ambo ya barabara. Na ndugu wawili wa kina Jolivet, wanaokusanya sarafu za Kirumi, hivyo hawana ugomvi na mtu. Keki iliwekwa katikati ya meza, ya rangi ya dhahabu, inanukia. Watu wa kawaida wangesema "aah." Hawa wakatoa lenzi mifukoni.

Hapo ndipo Anselme alipopaswa kuelewa, lakini alikuwa anamimina mvinyo wa tufaha. Hakumwona Fulgence akiinama juu ya keki na lenzi jichoni, midomo ikicheza, akihesabu. Hakumwona Hermance naye akianzia kwenye msalaba. Aliona tu kwamba Fulgence ametoka kwenda ukumbini, ambako Bastien alikuwa bado anahangaika na koti lake, akarudi akitabasamu. Kisha Hermance akatoka, naye akarudi akitabasamu.

"Kibofu," Anselme alimnong'oneza mkewe. "Uzee mbaya."

"Mbaya sana," akasema Odile.

Bastien akaitwa. Alishuka chini ya meza kwa hatua nne, kila hatua na mlio wake, akimwomba Mungu na serikali. Wenzake walicheka. Odile hakucheka. Alikwenda kuchukua mto wa kiti chake cha kufumia, akainua kitambaa cha meza, akamsukumia.

"Weka magotini, shemeji."

"Mungu akuzidishie," ikasema meza.

Anselme akakata vipande saba, sita vya wanachama na kimoja cha mwokaji, akikipitisha kisu mbali na nukta. Akagusa cha kwanza. "Hiki cha nani?"

"Jolivet mkubwa!"

Cha pili?

"Jolivet mdogo!"

Akagusa cha tatu. Moyo wake ulikuwa unapiga kama nyundo ya enzi zile. "Na hiki cha nani?"

Akakohoa.

Fulgence akakohoa.

Anselme akageuka kumtazama. Akakohoa tena, kwa nguvu. Hermance akatoa leso ya hariri na kukohoa kikohozi chembamba cha mtu aliyelelewa na watawa. Fulgence akazidisha, cha kutoka tumboni. Anselme akajibu mpaka miwani ikamdondoka. Wakakoholeana pale juu ya keki kama kondoo kwenye vumbi, na ndugu wa kina Jolivet wakasogeza sahani zao mbali.

Sauti ikatoka chini ya meza, "Jamani, niwaitieni daktari?"

"Taja jina!" wakasema watatu kwa pamoja.

"Haya. Cha Odile!"

"Odile si mwanachama!" Fulgence akaruka.

"Sheria inasema atakayeikuta kwenye kipande chake," akasema Hermance kwa uchungu, kwani sheria aliiandika yeye. "Haikusema mwanachama."

Odile akaketi. Akala taratibu, huku watu watatu wakimtazama meno. Meno yakagonga. Akaitoa Pua mdomoni, imejaa lozi, akaishika kwenye ncha ya aproni na kuanza kuisugua.

"USISUGUE!" Hata wale wa Kirumi walipiga kelele, maana sarafu kongwe ikisuguliwa thamani huondoka.

Bastien alitoka chini ya meza akakuta nyuso. "Msinitazame hivyo," alisema. "Soseji nimekula. Chupa ya Fulgence nitakunywa. Soksi za mama mwenyekiti nimevaa, hizi hapa. Lakini goti, jamani, goti halisahau mto."

Taji la karatasi lilimkaa Odile vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa Fulgence. Anselme alimeza aibu yake upesi, maana hesabu ilikuwa nzuri: Pua imeingia kwa mkewe, na kwa mkewe ni kwake. Wageni hawajafika hata kona ya barabara, tayari alikuwa ameifungua droo.

"Niletee basi, mfalme wangu. Shimo linangoja."

"Lingoje," akasema Odile. "Mwenye Pua ni mimi. Nitaiweka na vitu vyangu." Akafungua lile kopo la biskuti analowekea vifungo, akaidondosha ndani. Ikalia kling! kati ya vifungo vya suruali.

Anselme alikaa kitandani akishika kifua. "Na vifungo, Odile? Miaka mia tano!"

"Ulinituma kuangalia posta siku ya Jumapili, Anselme."

Lakini Odile si mtu wa roho mbaya. Kila Jumapili, Anselme akishaosha vyombo, vyote pamoja na sufuria, anapewa Pua kwa nusu saa. Anailaza kwenye shimo la Troyes, anavuta kiti, anahesabu mpaka herufi ya kumi na nne, na ubao umejaa, miji kumi na miwili, hakuna pengo. Wakati mwingine macho yanamlowa, halafu anasingizia sabuni.

Kisha mlangoni, kopo mkononi, Odile anakohoa.