Kalenda Iliyofungwa Mtini

Kila ninaponusa mafuta ya shea yakipata moto kikaangoni, popote nilipo, hujikuta nimerudi kijijini kwetu Midia, nimelala chali chini ya mti wetu wa shea, nikitazama kalenda.

Ndiyo, kalenda ilikuwa mtini. Mama alipewa mjini Arua na watu waliokuwa wakigawa miche. Kila mwezi ulikuwa na picha yake: mwanamke akipanda mche, mzinga wa nyuki, msitu uliojaa ukungu. Upepo wa alasiri uliinua kurasa, vivuli vya majani yetu vikapita juu ya majani ya kuchorwa, hata nikashindwa kujua ni yapi yangeniangukia usoni. Nadhani kuzurura kwangu kulianzia pale. Nilitaka kuingia katika ule ukungu nione upande wa pili kuna nini.

Lakini Mama hakuifunga pale kwa ajili ya ndoto zangu. Baba alikuwa amefyatua matofali ya nyumba mpya, na mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Kongo. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa udongo. Tanuri la kuyachoma lilitaka kuni, na mti mkubwa uliokuwa karibu ni ule ambao Mama aliokota mbegu zake na kupika mafuta.

Asubuhi moja Baba alifika na shoka, akakuta kalenda imefungwa shinani kwa kitambaa cha Mama. Mama alikuwa Mlugbara wa Ombaci, Baba Mkakwa. Maneno matamu kila mmoja aliyasema kwa lugha ya mwenzake. Ugomvi ulikuwa wa Kiswahili.

“Mama Lemi, kalenda iko ya ukuta.”

“Ukuta iko wapi, Baba Lemi?”

“Si ndio nataka kujenga! Na kuni yake ndio hii unafunga kitambaa!”

“Nyumba mutu anaweza jenga mara mbili. Mti hii nani alipanda? Tulikuta tu.”

Baba alicheka, kisha akanuna, kisha akaanza kufunua kurasa. Alikawia kwenye picha ya familia iliyoketi juani kando ya kisiki.

“Hii mtoto anafanana Lemi,” alisema polepole, akanitazama. Akaondoka na shoka lake. Siku zilizofuata alijenga kwa matofali mabichi, akikimbizana na mawingu.

Niliamini Mama alishinda, Baba akashindwa. Niliacha shule mapema, nikazunguka Arua, Aru ya upande wa Kongo, Juba, nikalala ndani ya kuta za kila aina. Niliporudi majuzi, mvua ilikuwa imekula ukuta wa nyuma, kama inavyoula kila mwaka. Baba, mvi tupu, alikuwa akikanda udongo.

“Baba, ukuta hii haikuchoshi?”

“Unasimama kama mgeni? Vua kiatu, kanyaga udongo.”

Nikavua. Udongo ulikuwa baridi, ukapanda katikati ya vidole, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile hakuna aliyemshinda Baba. Kila mvua ilimuuliza upya, mti au ukuta, naye kila mwaka alijibu kwa mikono yake.

Tulipomaliza, alijifuta, akairudisha ile kalenda, iliyohamia ndani tangu nyumba iliposimama, rangi zimekwisha, kwenye msumari wake ukutani. Kisha tukaenda kukaa kivulini mwa mti.