Panzi Waliokubali Kukamatwa

Ukitaka kujua upweke ni kitu gani, usiende porini. Nenda kachaji simu za watu kwenye machimbo ya dhahabu. Joram Ogada alikuwa na kibanda cha mabati nje kidogo ya Nyamwaga, mwaka ule rashi, mbio za dhahabu, ilipofumuka na watu wakamiminika kutoka kila pembe, na juu ya bati aliweka paneli mbili za sola. Kila asubuhi simu thelathini, arobaini, zilipangwa mezani kama dagaa kwenye mkeka, kila moja na kikaratasi cha namba. Zinaita kutwa nzima. Mke wa mtu anapiga, mama wa mtu, mchumba wa mtu. Ya Joram mwenyewe ilikaa kwenye mfuko wa shati, imejaa chaji pomoni, na haiiti.

Zamani alikuwa mchomaji. Mchomaji ndiye anayepokea dhahabu ikiwa imeshikana na zebaki, akaiweka motoni mpaka zebaki iondoke na moshi, ibaki mali yenyewe. Miaka kumi na mmoja aliuvuta moshi ule, machimbo baada ya machimbo, na hakuna aliyemwambia hata mara moja afunike pua. Mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, akadhani ni baridi. Mwisho hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado nusu ikamwishia kwenye suruali. Sasa niambie, nani atampa dhahabu yake mchomaji anayetetemeka? Wakamwacha. Mkewe, Everlyne, naye akavuka mpaka kwenda kwa kaka zake Migori. Alisema anakwenda msibani wiki mbili, na mpaka leo ninaposimulia wiki zile mbili hazijaisha.

Kinyonga alikuja mwenyewe. Joram alikuwa amekata tawi la mpera ategemezee bati lililolegea, na alipolishusha begani akamwona mtu huyo amejishikiza, kijani kibichi, jicho moja linamtazama yeye na jingine linatazama barabara ya Tarime. Wateja waliokuwa wanasubiri simu zao walirudi nyuma wote. Wengi wetu huku na kinyonga hatupatani, awe Mkurya awe Mjaluo. Kila mmoja ana la kwao alilofundishwa na bibi, na hakuna lililo zuri. Mmoja akataka kumwagia mafuta ya taa. Joram akamfunika kwa kofia yake, akawaambia mnyama huyu amekuja kwangu, hakuja kwenu.

Basi akamtengenezea nyumba ya mbao na kipande cha chandarua, akaisimamisha chumbani nyuma ya kibanda. Akamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, maana alikuwa na uso wa mzee aliyeudhiwa kanisani. Na kinyonga, kama umewahi kumtazama bila kumpiga mawe, akitaka kuweka mguu hutikisika kwanza, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ndipo auweke. Joram alimtazama, akaitazama mikono yake, akacheka peke yake mpaka machozi. Alimpenda siku hiyohiyo. Nasema alimpenda, na anayetaka kucheka acheke.

Tatizo lilikuwa chakula. Kinyonga hali ugali. Anataka mdudu aliye hai, anayetembea, amtungue kwa ule ulimi wake. Nyasi za Nyamwaga zimejaa panzi, lakini panzi anataka mkono mwepesi, na mikono ya Joram ikishuka tu majani yanatikisika, panzi kishaondoka yuko kwenye shamba la jirani. Siku tatu alihangaika. Alirudi na mikwaruzo na mende mmoja wa chooni.

Ndipo akageukia simu. Kwenye kundi moja la wafugaji wa kuku mtandaoni akamkuta mwanamke wa Mwanza, Eunice, anayefuga nyenje na kuwauza wakiwa hai kwa wenye kuku na mabwawa ya samaki. Joram akamwandikia. Eunice akauliza ana kuku wangapi. Joram akafuta jibu mara tatu, kisha akaandika ukweli: hana kuku, ana kinyonga. Akaigeuza simu kifudifudi mezani. Akajua sasa amechekwa. Baadaye ikaja sauti, ya binti wa umri wa kuwa mwanawe, anacheka kweli lakini anacheka vizuri, akisema shikamoo baba, mteja wa namna hii sijapata, hebu nieleze anakula wangapi kwa siku.

Kila Jumamosi ya pili boksi lilipanda basi Mwanza, likashuka Tarime, likaletwa na bodaboda. Ndani kuna trei za mayai, na katikati ya trei nyenje, na tundu ndogo za hewa pembeni. Na kila Jumamosi, liwe boksi limetumwa au halijatumwa, Eunice alipiga kuuliza Jaduong' anaendeleaje. Joram alikuwa anamweleza kila kitu: leo amebadilika rangi kama tope, leo ameukosa mdudu wa kwanza akakasirika. Akikata simu alikaa nayo mkononi kidogo kabla ya kuirudisha mfukoni. Ukweli ni kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anamuuliza Joram neno lolote isipokuwa "simu yangu imejaa?"

Lakini hakumwambia mtu wa machimbo habari za maboksi. Aliona haya. Mtu mzima, na mvi zake, ananunua wadudu kwa simu kutoka Mwanza! Akipokea boksi analitia chini ya koti, huyo anaingia ndani na kufunga mlango. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Joram aliuficha wake sawasawa.

Lakini watu wana macho. Mchomaji wa zamani, anapokea boksi lililofungwa kwa plasta pande zote, halifungui mbele za watu. Siku zile zebaki ilikuwa imekazwa, ukikutwa nayo bila kibali una kesi, na aliyejua pa kuipata alikuwa mfalme. Maneno yakazunguka mialo yote, kule wanakoosha mchanga: Mzee Joram anauza zebaki kwa siri. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Msimamizi wa mialo alikuwa kijana wa Nyarero, Waitara, mrefu, mkali kidogo, si mtu mbaya. Jumamosi moja akamsimamisha bodaboda kabla hajafika kibandani, akalichukua boksi. Joram alipomfuata, Waitara akamwamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akamuuliza mbele ya watu kumi na watano ndani mna nini.

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu, nyenje, na mambo yangeisha kwa kicheko. Joram akawatazama wale watu, akaona jinsi watakavyocheka, akasema, "Ni vitu vyangu."

Waitara akasema basi vitu vyako vitakaa stoo mpaka viongozi wa kamati ya machimbo warudi kutoka Tarime Jumanne, wavifungue wao.

Stoo ile ni ya bati juu na bati pembeni. Jumapili jua lilichoma, Jumatatu likachoma zaidi. Joram alimpigia Eunice, na binti yule akamtuliza kama daktari. "Baba, Jaduong' ameshiba miezi mitatu, hawezi kufa kwa njaa ya siku chache. Mnyunyizie maji kwenye majani anywe. Mimi nakutumia boksi jingine bure, Jumamosi hii unalo. Ila usimpe kitu usichokijua kimetoka wapi."

Maneno mazuri. Lakini Eunice hakuwa anakaa chumba kimoja na mwenye njaa. Boksi la mwisho lilikuwa limeisha Alhamisi iliyopita, na sasa Jaduong' alikuwa anashuka mpaka chini ya tawi kila Joram alipopita, macho yote mawili yanamfuata yeye tu. Kutazamwa hivyo, jamani, kwa matumaini, na huna kitu mkononi! Jumatatu nzima Joram alikaa nje ili asimwone.

Jumanne asubuhi kamati ikafungua boksi. Wakakuta trei za mayai na nyenje mia mbili wamekauka, wanatoa harufu. Watu walicheka hivyohivyo alivyoogopa watacheka, na mmoja akauliza kama hii ndiyo zebaki ya Wajaluo. Waitara peke yake hakucheka. Akauliza ni wa nini, na Joram akamjibu kwa sauti ndogo, wa kinyonga wangu, alikuwa anawasubiri. Akaokota boksi lake akaondoka.

Hakurudi kibandani moja kwa moja. Akapita njia ya nyuma, kwenye majani yaliyo chini ya mabwawa ya marudio, pale wanapourudia mchanga uliokwisha oshwa, wanauloweka kwa sumu ili utoe dhahabu iliyobaki. Akainama ajaribu, kwa kukata tamaa tu. Panzi wa kwanza alikuwa kwenye jani, mkubwa, wa kijani. Mkono wa Joram ukaenda ukitetemeka, na panzi akakaa. Akamshika.

Akamshika! Alisimama pale na panzi kwenye kiganja kama mtoto aliyeokota sarafu. Wa pili naye akakubali. Wa tatu alijaribu kuruka, akaanguka karibu, akachukuliwa. Joram akapata panzi saba kwa mikono yake mwenyewe, na njiani akirudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti, na watu waliompita walidhani amelewa. Aliwaza atakavyomsimulia Eunice Jumamosi. Aliwaza labda mikono inapona.

Jaduong' alikula wanne, mmoja baada ya mwingine, bila kukosa hata mmoja.

Jumatano alikuwa amepauka. Hakupanda tawi. Alhamisi Joram alimkuta chini, amejikunja upande, rangi ya majivu, na panzi watatu waliobaki kwenye kopo nao wamekufa. Aliwatazama wale panzi muda mrefu kuliko alivyomtazama kinyonga. Kisha akaenda mpaka yale majani ya marudio. Panzi walikuwa wamejaa, wengine wamelala miguu juu, wengine wanajikokota, na kando ya maji kulikuwa na ndege wawili wadogo wamekauka. Miaka kumi na mmoja ya kukaa na sumu, na hakujiuliza kwa nini panzi wamemngoja. Wenye nguvu walikuwa wanamkimbia kama siku zote. Aliowashika ni wale waliokuwa wanakufa.

Alimzika nyuma ya kibanda, chini ya mpera. Hakumpigia Eunice. Kila akiishika simu aliona kwamba akishasema, hakuna tena sababu ya binti wa watu Mwanza kumpigia mzee wa Nyamwaga.

Jumamosi boksi likaja, na aliyelileta ni Waitara mwenyewe. Alikuwa amelichukua kwa bodaboda akalibeba kwa mikono miwili, akalitua mezani kati ya simu za watu. Shikamoo mzee. Marahaba. Ndani ya boksi nyenje wakawa wanachakarisha. Waitara akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya, akasema yeye hajawahi kuona kinyonga anakula, kwao walikuwa wanawakimbia, na anaomba leo amwone.

Joram akasema kwanza tunywe chai.

Akapika chai. Akaanza kueleza. Akamweleza ulimi unavyotoka, kwamba ni mrefu kuliko mwili wenyewe, na macho yanavyokwenda kila moja na safari yake. Waitara akauliza kama rangi anazibadilisha kwa kupenda, Joram akasema hapana, ni moyo wake unamtoka, akikasirika unaona, akiridhika unaona. Waitara akacheka, akasema basi angemwoa huyo kuliko mkewe. Joram naye akacheka. Akamweleza habari za mende wa chooni, habari za Everlyne, habari za moshi. Alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima, na kijana yule alikuwa anasikiliza kweli, viwiko magotini. Chai ikaisha, akaongeza nyingine.

Mwisho Waitara akagonga boksi kwa kidole, akasema, "Haya mzee, tumpe chakula, watu wa mwalo wananisubiri."

Joram akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Alikufa Alhamisi," akasema. "Sikukuambia kwa sababu ungeondoka."

Waitara aligeuka kitini. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akatazama boksi, kisha akasema ni yeye aliyeliweka lile la kwanza juani. Joram akamwambia, na aliyempa panzi wa marudio ni mimi, usibebe peke yako. Wakamalizia chai. Halafu mtu akaita kutoka mwaloni, akaita tena, na Waitara akasimama, akasema pole sana mzee, kwa heshima, kama anavyopewa pole mtu aliyefiwa na mtu. Akasema atapita tena. Huenda alikusudia kweli.

Simu ya mfukoni ikaita. Jumamosi ni Jumamosi. Joram alipokea, akaitikia shikamoo ya Eunice, na kabla hajaulizwa akauliza yeye: habari za nyumbani, mtoto amepona kikohozi, mvua ya Mwanza imenyesha, banda la nyenje halivuji, na yule mama mkwe, na kanisa, na barabara. Eunice akajibu yote, akicheka kidogo, maana baba leo ana maneno mengi. Akauliza mpaka hakikubaki cha kuuliza. Ndipo akamwambia.