Nilitaja jina la shemeji hospitalini, mume wangu akakosa fidia ya mkono wake

Hamjambo wakuu. Mjukuu wangu ananiambia huku ndivyo mnavyoitana, basi nami nimekuwa mkuu uzeeni.

Nimepita themanini na tano. Mimi naongea, yeye anaandika kwa simu, na nimemwonya asitie chumvi. Nitasema niliyoyaona mwenyewe, hata yale yanayoniaibisha.

Alinisomea ule uzi wa kijana aliyeumia kiwandani, supervisor akamwambia aseme alianguka nyumbani. Ulinirudisha mbali.

Miaka ya hamsini, ikielekea kwisha, nilikuwa nimeolewa juzi tu. Tulikaa Rongai, ile ya Nakuru, kwenye shamba la ngano la mzungu. Mume wangu aliitwa Kiprotich. Mrefu, mcheshi, anaimba vibaya na hakuna wa kumwambia. Nilimpenda sana, na sioni haya kusema.

Siku hizo kazi ilikuwa ya tiketi. Ukifanya kazi siku moja, nyapara anaweka alama. Zikifika thelathini unalipwa.

Ukikosa kazi, tiketi inasimama. Ikisimama sana, mzungu anauliza ni kwa nini ng'ombe wako wanakula nyasi yake. Kwa hivyo ndugu walishikiana. Ukiwa na shida, ndugu yako anaingia kazini na tiketi yako. Nyapara alijua, akafumba macho, maana alipenda pombe ya bure.

Mdogo wa Kiprotich, shemeji yangu Kibet, alikuwa ameenda Ravine kumwona mama yao mgonjwa. Kiprotich alikuwa amemaliza tiketi yake mwenyewe. Badala ya kupumzika akaingia na ya Kibet.

Siku ya pili, mkanda wa mashini ya kupura ngano ulimshika mkono wa kulia.

Tulimpeleka Nakuru kwa lori la magunia. Nyapara alikaa nami huko nyuma, akaniinamia sikioni.

"Bibi ya Kiprotich, sikia. Leo huyu ni Kibet. Ukisema lingine, ndugu wote wawili watafukuzwa na ng'ombe zao. Umeelewa?"

Kiprotich alikuwa amezimia. Hakuna wa kuuliza. Tulipofika, karani wa hospitali akauliza jina la mgonjwa, nami nikasema, "Kibet."

Neno moja tu, wakuu. Mkono wakaukata juu kidogo ya kifundo.

Baada ya wiki kadhaa alikuja shambani afisa wa leba, yaani wa serikali wa mambo ya wafanyakazi, mzungu mpole aliyejua Kiswahili. Hapo ndipo tuliposikia kwamba kuna sheria ya fidia. Ukiumia kazini, mwajiri anakulipa, na si kwa huruma yake. Ni haki yako. Kiprotich alinitazama. Tulikuwa tukilia usiku na mchana tutaishije, kumbe jibu lilikuwa kwenye sheria.

Afisa akafungua karatasi. "Kibet ni nani?"

Na Kibet alikuwa amerudi. Amesimama pale pale, mikono yake miwili mizima, na kipande chake, kile kitambulisho cha wakati wa mkoloni, kina alama za vidole vyake.

Afisa alimtazama huyu, akamtazama yule. Kiprotich akamweleza yote, bila kunitaja. Alisema jina alilitoa yeye. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mzee, sheria inatazama nani aliumia kazini," afisa alisema. "Mngeniambia ukweli mwanzo, ningekupigania. Sasa kila karatasi inasema mtu mwingine, na nyapara amekana kwamba ulikuwa kazini."

Alijaribu, sitamsema vibaya. Aliandika barua, lakini mwenye shamba alishikilia kwamba Kiprotich hakuwa kazini siku hiyo, na karatasi zote zilimuunga mkono. Baadaye tukasikia afisa amehamishwa.

Shamba halikutaka mtu wa mkono mmoja. Kiprotich akaniambia anaenda juu, upande wa Molo, kuuliza kazi kwenye viwanda vya mbao, labda ya kuhesabu magogo. Kibet alimpa kipande chake, maana jina hilo ndilo lilikuwa na karatasi za hospitali za kueleza mkono.

Hajarudi.

Kibet na mimi tulimtafuta Molo, tukamtafuta mpaka Sachangwan. Mmoja alisema alimwona, mwingine akasema hapana. Nilijifungua binti yetu, nikamlea peke yangu, na baada ya uhuru tukapata shamba kidogo hapa Bahati. Wanaume walikuja kuniposa. Niliwapa chai, wakaenda.

Funzo? Ukiumia kazini, taja jina lako mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa mtu wa kwanza atakayekuuliza. Usimwachie msimamizi akuchagulie maneno ukiwa unalia. Na wewe unayempeleka mgonjwa, hofu isikufunge mdomo. Mimi ilinifunga.

Karibuni mchangie, hata wa kunilaumu, nitasomewa.

Lakini kuna jambo ninalolitaka zaidi. Kama babu yako alikuwa mrefu, bila mkono wa kulia, akiitwa Kiprotich au akiitwa Kibet, niandikie. Kama alioa tena, sina neno. Sitaki shamba wala maelezo.

Nataka tu kujua ni nani alikuwa akimfungia vifungo vya shati asubuhi.