Mstari Uliopita Jikoni

Gaudiose, mzaliwa wa Bukoba aliyerudi Kigali na wazazi wake baada ya vita, alikuwa amechora ramani karibu miaka thelathini. Kampuni yao ya upimaji, pale Kimihurura, ilipewa ramani ya kikoloni ya kilima cha mbali kinachogombewa na nchi mbili, naye Gaudiose akapewa kazi ya kuihamishia kwenye kompyuta. Mzungu mwenye rula alikigawa siku moja akaenda zake. Nchi zote mbili, zilipopata uhuru, ziliuapia mstari wake, kila moja ikiusoma kivyake.

Jumatatu aliupitisha mstari, ukanyooka. Jumanne akaukuta umepinda kidogo, kama mtu aliyekwepa kitu njiani. Akaunyoosha. Jumatano ulikuwa umepinda palepale.

"Mama, hii mustari iko imepinda tena," alisema Conrad, mkuu wake. "Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

"Hakuna."

Alhamisi hakubanduka mezani. Mchana miwani ikamwanguka. Alipoinama kuiokota alisikia harufu ya moshi wa kuni, nao walikuwa ghorofa ya nne. Alipoinuka, mstari ulikuwa umeshapinda.

Akafungua picha za daftari la Mzungu yule, zilizokuja pamoja na ramani. Kifaransa cha Gaudiose kilikuwa cha kuungaunga, lakini hili alilielewa: "Mwanamke amekataa kutoka. Tumepitisha mstari jikoni kwake."

Alimpigia Silvère, mpimaji wao aliyekuwa kilimani.

"Hapo pana nyumba?"

"Hakuna, mama. Watu walihamishwa zamani. Iko mafiga tatu tu kwenye majani." Akasikika akipita kwenye majani. "Nimegusa. Iko moto."

"Usipite katikati yake. Zunguka."

Ijumaa Gaudiose aliikabidhi ramani na mpindo wake, pamoja na maelezo kwamba hapo palikuwa kwa mtu. Conrad aliyasoma mara mbili, akatia saini. Wanasheria wa nchi zote mbili waliikataa, jambo la kwanza walilowahi kukubaliana. Kazi ikapewa kampuni nyingine, na Gaudiose akastaafu, akabaki nyumbani kwake Kibagabaga.

Mwezi uliopita kampuni hiyo nyingine ilimtafuta. Wachoraji wao watatu walikuwa wameacha kazi, wala hawakutaka kusema kwa nini. Alikubali, kwa sharti kwamba apelekwe kwanza kilimani.

Silvère, aliyeijua njia, alimpeleka, akamsubiri garini. Gaudiose alikaa peke yake kando ya mafiga kama saa nzima, na muda wote huo Silvère alimsikia akijibu maswali ambayo yeye hakuyasikia yakiulizwa.